Goti jipya na ngazi za mawe

Kama mzazi wako amebadilishwa goti na nyumba yenu iko juu mlimani, Igogo au Bugarika huko Mwanza, afundishwe ngazi kabla hajatoka hospitali. Akipanda, mguu mzima unatangulia, kisha wenye goti jipya pamoja na fimbo. Akishuka, fimbo na mguu wenye goti jipya vitangulie. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Bibi yangu aliishika upande unaouma hadi mtaalamu wa mazoezi alipomhamisha mkono, na kuyumba kukapungua siku ileile.

Mto usikae chini ya goti. Najua unampa nafuu (na atauomba!), lakini goti likizoea kukunja linakuja kugoma kunyooka. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino. Barafu ya mfuko, ile ya dukani, ifunge kwenye kanga, dakika 15 hadi 20 tu.

Kwa aliyebadilishwa nyonga, ficheni kigoda cha jikoni. Akikaa, magoti yasiwe juu kuliko nyonga, kwa hiyo choo cha kuchuchumaa nacho hakifai. Sisi seremala alitoboa kiti cha mbao katikati, tukakisimamisha juu ya tundu.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikimkata ghafla, msichue wala kukanda. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, msingoje daladala za asubuhi.