Kumdai mtu aliyemshawishi mwenzako avunje mkataba

Mkataba unapovunjwa, macho ya wengi humwelekea aliyeuvunja, na yule aliyemshawishi huachwa aende zake na faida mkononi. Sheria ya Tanzania haimwachi. Mtu asiye upande katika mkataba, ambaye anajua kwamba upo na kwa makusudi akamshawishi mmoja wa wahusika auvunje, anaweza kudaiwa fidia yeye mwenyewe, peke yake au pamoja na aliyevunja. Kanuni hii hutaikuta katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Imetokana na maamuzi ya mahakama za Uingereza, ambayo misingi yake ilipokelewa nchini kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na chimbuko lake ni shauri la Lumley dhidi ya Gye la mwaka 1853, ambapo mwendeshaji wa jumba la maonyesho la London alimshtaki mshindani wake kwa kumvuta mwimbaji aliyekwisha kufunga naye mkataba.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Tanga. Mnunuzi anaandikiana na mkulima wa Muheza kwamba machungwa yote ya shamba msimu huu ni yake, anatanguliza fedha, anakodi lori na kuwapanga wachumaji. Siku mbili kabla ya kuchuma, mnunuzi wa pili anafika shambani, anaonyeshwa karatasi ya makubaliano, naye anajibu: "Hiyo isikutishe, mimi nakuongezea kwa kila tenga." Jioni mzigo umeondoka. Maneno yale, yaliyosemwa baada ya karatasi kuonekana, ndiyo yanayobeba shauri zima. Kama mnunuzi wa pili angenunua bila kujua lolote, asingekuwa na la kujibu, hata kama hasara ni ileile. Hapo wa kudaiwa angebaki mkulima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujiuliza kama unaweza kuthibitisha kwamba mdaiwa alijua. Madai mengi ya aina hii huangukia hapa, na ushauri wangu ni kwamba usingoje mkataba uvunjike. Ukisikia kuna mtu anamzungukia mteja au msambazaji wako, mwandikie barua mara moja, umweleze kwamba una mkataba, tarehe yake na muda wake, kisha umkabidhi kwa kitabu cha kusainia au mbele ya shahidi. Usimtukane wala kumtisha. Akiendelea baada ya kuipokea barua hiyo, hataweza tena kusema kwamba hakujua.

Jambo la pili ni kutenganisha ushawishi na ushindani halali. Mhasibu wa Ngamiani ambaye mteja wake amemaliza mwaka wa mkataba na kuhamia kwa mhasibu mwingine mwenye bei nafuu hana madai. Hana pia ikiwa mteja alitoa notisi kama mkataba wenyewe unavyoruhusu, kwa kuwa hakuna kilichovunjwa. Lakini kama mhasibu wa pili alimdanganya mteja kwamba mwenzake amefutiwa usajili, sura inabadilika: uongo huo ni njia haramu ya kumharibia mtu kazi, na huenda ukazaa pia madai ya kashfa, ambayo wakili ataona kama yafaa kuunganishwa katika hati moja.

Ushahidi uanze kukusanywa siku hiyohiyo. Mkataba wa mdomo unatambulika kisheria, ila ni mgumu kuuthibitisha. Ulioandikwa nao ukaguliwe kama unastahili ushuru wa stempu na kama umelipiwa, kwa sababu mahakama inaweza kukataa kuupokea hadi ushuru na adhabu yake vilipwe. Jumbe za simu hupokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi uweze kuonyesha zilivyohifadhiwa bila kuguswa. Usizifute, na simu yenyewe usiiuze. Hasara nayo iwe na karatasi: risiti ya lori, malipo ya wachumaji, fedha uliyomrudishia mteja wako wa mwisho. Fidia maalumu, yaani ya hasara inayohesabika kama hizo, hutajwa kiasi chake katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu, na kiasi hicho ndicho kinachoamua mahakama yenye mamlaka. Fidia ya jumla, yaani ya madhara yasiyo na hesabu kamili, huachiwa busara ya mahakama.

Kama mkataba bado haujavunjika, au uvunjaji unaendelea, omba zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kumsimamisha mshawishi wakati shauri linasubiri kuamuliwa. Mahakama zetu hufuata vigezo vitatu vya shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwe na jambo zito la kuamuliwa, kuwe na hatari ya madhara ambayo fedha haiwezi kuyafidia, na usumbufu wa kukunyima zuio uwe mkubwa kuliko wa kukupa. Kigezo cha pili ndicho kigumu kwa mfanyabiashara, maana hasara ya machungwa huhesabika, tofauti na wateja wanaopotea moja kwa moja.

Shauri hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au anapofanyia biashara, au mahali kisa kilipotokea chote au sehemu yake, hivyo mnunuzi wa Dar es Salaam aliyefanya ushawishi wake Muheza hana haki ya kukulazimisha umfuate huko. Angalia pia muda. Madai dhidi ya aliyevunja mkataba hudumu miaka 6, lakini haya dhidi ya mshawishi, kwa kuwa si ya kimkataba, hufungwa baada ya miaka 3. Anayetumia miaka minne kumbembeleza mkulima alipe atakuta mlango wa kumfikia mshawishi umekwisha kufungwa.

Kabla ya kusikilizwa, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi. Nenda na hesabu zako kamili, na mkipatana, hakikisheni hati ya makubaliano inataja kiasi na tarehe ya kila malipo kabla haijasajiliwa kuwa tuzo ya mahakama, yaani amri inayoweza kutekelezwa kama hukumu.