Ukienda kununua mausi, anza na mkono wako

Mi nafanya kazi steshenari, yani asubuhi mpaka jioni ni barua, sivii, fomu za mikopo na kutafuta faili ambalo mtu aliliacha juzi, mkono wa kulia hautoki kwenye mausi. Watu wananiuliza sana wanunue mausi gani, na karibu wote wanaanza na bei au zile taa za rangi rangi, wakati cha kwanza kuangalia ni mkono wako mwenyewe.

Chukua rula, pima kuanzia kwenye kifundo pale kiganja kinapoanzia mpaka ncha ya kidole cha kati. Ukipata kama sm 17 kushuka chini mkono wako mdogo, ukifika 20 na kuendelea huo ni mkubwa. Vile vimausi vidogo vya kubeba na laptopu vinapendeza kweli, ila mtu wa sm 20 akikitumia siku nzima vidole vinajikunja kama amebana kitu kisidondoke, jioni kifundo kinauma na kidole gumba kimekaza. Mausi inayokufaa kiganja kinailalia, vidole viwili vinakaa juu ya vibonyezo bila kujikaza. Kama unatumia mkono wa kushoto chukua iliyo sawa pande zote alafu kwenye mipangilio ya Windows unabadilisha vibonyezo, zile zilizopinda kufuata mkono wa kulia achana nazo. Na kama kifundo kimeshaanza kukusumbua zipo za kusimama, unaishika kama unampa mtu mkono, siku za mwanzo utaiona ngumu kidogo ila mkono haulazimiki kulala kifudifudi masaa nane.

Waya au bila waya? Kama kompyuta haitoki mezani chukua ya waya, haina betri haina cha kupotea. Za bila waya ziko aina mbili, za karisiva kadogo ka USB, kale kadude unakachomeka kwenye kompyuta kapokee mawimbi ya mausi, na za bluetooth. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina bluetooth kwaiyo uliza kabla hujalipa. Ya risiva fungua mfuniko wake wa chini uone kama kuna nafasi ya kukahifadhi, manake kakipotea kale, nyingi za bei rahisi ndo basi tena. Kuna jambo limewasumbua wengi alafu wanalaumu mausi: unachomeka hard disk ya nje, ile ya kuhifadhia mafaili, kwenye tundu la USB 3, lile la bluu, jirani na risiva, mshale unaanza kurukaruka. Mausi haina shida, hilo tundu likifanya kazi linatoa kelele za mawimbi kwenye masafa ya 2.4 GHz ambako risiva nayo inasikiliza. Hamishia risiva upande wa pili au tumia kiwaya cha USB cha kurefushia, inatulia.

Sasa dukani, na hapa ndo naomba usikubali kuuziwa ikiwa ndani ya boksi. Hata Kariakoo watu wamejaa mwambie tu kaka naomba tuijaribu kwanza, wengi wana kompyuta hapo hapo. Fungua Paint, chora duara polepole kabisa, kisha mstari wa kukata kona hadi kona. Mstari ukiwa na meno meno au mshale unaganda katikati, rudisha. Zungusha gurudumu taratibu kwenye dokumenti ndefu, ukishusha chini halafu ukurasa ukaruka juu kidogo, rudisha. Alafu shika folda moja, ibebe ukiwa umeibonyeza, izungushe skrini nzima bila kuachia. Isidondoke.

Hilo la folda nimelijua kwa machungu. Mausi yangu moja baada ya miezi kadhaa nikibonyeza mara moja inasoma mara mbili, nikaipuuza, siku moja nabeba folda ya mzee mmoja yenye nyaraka zake za pensheni ikadondokea ndani ya folda nyingine njiani, tumeitafuta karibu saa nzima yule mzee amekaa kwenye benchi anasubiri na mimi natoka jasho. Ndani ya kibonyezo kuna kibati chembamba kinachofanya kama springi, kikichoka kinatetema na kompyuta inahesabu mara mbili. Ukiiona hiyo dalili badilisha mausi, usisubiri.

DPI zisikutishe. Ni hesabu ya hatua mausi inazosoma ikisogea inchi moja. Ikiwa 1000 na skrini ina pikseli (vile vinukta vya picha) 1920 kwa upana, kwa spidi ya kawaida ya Windows unavuka skrini yote kwa kusogeza mkono kama sm 5, kazi za ofisini inatosha kabisa. Yale maelfu makubwa kwenye boksi usiyalipie.

Meza je? Chini ya mausi kuna taa na kikamera kinachopiga picha za meza mfululizo na kuzilinganisha ndo kijue imeenda wapi, kwaiyo kwenye kioo haina cha kuona. Kama meza yako ni ya kioo weka mausipadi ya kitambaa, ukiwa huna, hata karatasi ya A4 inasaidia kwa siku hiyo.

Risiti iombe na boksi usilitupe, wiki ya kwanza itumie kwa kazi zako zenyewe, zile ndefu, ili kama ina ugonjwa uonekane wakati bado wanakubali kukubadilishia.