Foleni ya korosho ghalani: pima kwanza, mizani ya pili baadaye

Msimu ukikaribia kufunguliwa mwezi wa kumi, viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) za Newala, Tandahimba na Masasi huwa na ombi moja: tununue mizani ya pili, foleni imetushinda. Kabla hamjatoa hela ya wanachama, fanyeni kazi ya siku chache ninayoieleza hapa. Inahitaji daftari, kalamu, saa ya simu na kijana mmoja makini. Mwanafunzi wa biashara aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo anaifanya vizuri kabisa.

Naikazania kazi hii kwa sababu ya kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya chama. Tangu stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa kwa mnada) ianze kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, njia halali ya mkulima inapita kwenye ghala la chama chake. Mkulima aliyesota juani tangu asubuhi na gunia lake, akasikia kuna mtu nyuma ya soko analipa taslimu sasa hivi kwa bei ya kutupa, atashawishika. Kila saa mnayoipunguza kwenye foleni ni hela inayobaki nyumbani kwake.

Hatua ya 1: Fuata gunia

Simama getini, chagua gunia moja, ulifuate mpaka linapopangwa ndani. Kwenye maghala mengi litapita getini, kwenye turubai la ukaguzi ambako korosho humwagwa na kutenganishwa daraja la kwanza na la pili, kwenye mizani, kwenye meza ya karani, kisha stoo. Kila linapofika na kila linapoondoka, andika saa. Usiwaulize wahusika kazi yao inachukua muda gani, maana kila mmoja atakwambia kwake ni fasta. Rudia kwa magunia 30 hivi, ya asubuhi na ya mchana, ya siku yenye watu na siku ya kawaida.

Tenganisha muda wa kushughulikiwa na muda wa kusubiri. Hapo ndipo wengi hushtuka: mkulima amekaa saa tatu, kazi yenyewe haikuzidi robo saa.

Hatua ya 2: Hesabu wanaoingia

Kijana akae getini aweke alama kwa kila mkulima anayefika, saa kwa saa. Basi.

Hatua ya 3: Tumia kanuni ya Little

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo mpaka leo ni msingi wa somo la uendeshaji kwenye vyuo vya biashara duniani. Inasema: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda anaokaa kila mmoja. Tuseme unakuta wakulima 36 uwanjani, na kwa saa wanaingia 12 na wanahudumiwa na kuondoka 12. Gawanya 36 kwa 12: kila mmoja anakaa saa 3. Hukuhitaji kumfuata hata mmoja. Uzuri wake ni kwamba kanuni haijali nani kaanza wala nani kaletwa na guta au pikipiki. Sharti ni wastani wa muda wa kutosha, na vipimo vilingane: ukihesabu kwa saa, jibu ni la saa.

Hatua ya 4: Tafuta kituo kinachobana

Hapa tulia, ndipo penye faida. Nitatumia namba za mfano, wewe weka zako. Ukaguzi dakika 4 kwa mkulima, mizani dakika 3, karani dakika 6. Kwa saa moja mkaguzi anaweza watu 15, mizani watu 20, karani 10. Ghala zima basi lina uwezo wa watu 10 kwa saa, hata mkileta mizani tano. Wakiingia 12 kwa saa, foleni inaongezeka watu wawili kila saa. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana wamelundikana 12, na atakayefika wakati huo atasubiri dakika 72 kabla ya kufikia meza.

Kwa nini watu hulaumu mizani? Kwa sababu ndiko wanakosimama. Meza ya karani ikijaa, foleni hurudi nyuma mpaka kwenye mizani.

Sasa kaa pembeni ya karani utazame hizo dakika 6 zinakokwenda. Mama anafika mezani, ndipo anaanza kufungua fundo kwenye pindo la kanga kutoa kadi ya chama. Karani anasubiri. Jina kwenye kadi limeandikwa Asha, kwenye akaunti ya benki Aisha. "Mama, hili jina lako lipi?" Wanapekua daftari la wanachama ukurasa kwa ukurasa. Kilo zenyewe zinaandikwa kwa sekunde chache.

Hatua ya 5: Ondoa kazi isiyo ya pale

Kukagua kadi, namba ya uanachama na akaunti kufanyike getini, wakati mtu anasubiri hata hivyo. Mwenye kasoro ya jina arekebishiwe pembeni, tena ikiwezekana kabla msimu haujafunguliwa. Karani abakiwe na kilo, daraja na sahihi. Akishuka hadi dakika 4, anaweza watu 15 kwa saa, na wale 12 wanapita. Gharama yake ni meza moja na kiti.

Programu ya simu au kompyuta njoo nayo baada ya hapa. Msimu wa 2024/25 mnada wa korosho uliingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, hatua ninayoiunga mkono, lakini kasi ya mnada haimsaidii mkulima ambaye gunia lake bado liko getini.

Hatua ya 6: Acha nafasi

Kuna meneja atasema: uwezo ni 15, basi tupokee 15. Msifanye hivyo. Hesabu za foleni, zilizoanzishwa na Mdenishi Agner Erlang mwaka 1909 kwa ajili ya simu za Copenhagen, zinaonyesha kwamba watu wanaofika bila mpangilio hulundikana ghafla kituo kinapokaribia kujaa. Kwa mfano rahisi wa hesabu hizo, huduma ikiwa dakika 4, karani mwenye kazi asilimia 80 ya muda wake anasababisha kusubiri dakika 16 kwa wastani. Asilimia 90, dakika 36. Asilimia 95, dakika 76. Karani anayepumua kidogo si mzembe.

Njia ya kulinda nafasi hiyo ni kupangia vitongoji siku za kuleta. Pangeni kwenye mkutano wa wanachama, na muwaachie upenyo waliokodi gari pamoja.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja, pima tena

Wiki ya kwanza meza ya getini peke yake, wiki ya pili ratiba ya vitongoji. Linganisha Jumatatu na Jumatatu. Mkibadilisha vyote pamoja hamtajua kilichosaidia, na msimu ujao mtabishana upya.

Wakati mnasubiri matokeo, wekeni ubao wa chaki getini. Mtu hutulia zaidi akijua atasubiri kiasi gani. Kila baada ya nusu saa kijana ahesabu waliopo, agawe kwa kasi ya saa ile, aandike kwa herufi kubwa: wapo 30, tunahudumia 15 kwa saa, utasubiri saa 2. Mwenye shughuli sokoni ataenda na kurudi, gunia lake likiwa limeandikwa namba.