Baiskeli kwenye njia za vumbi: kutoka Malindi mpaka ndani ya Arabuko-Sokoke

Mtu akiniuliza aendeshe wapi baiskeli bila kusukumwa na matatu namwambia toka lami, ingia vumbi. Ile barabara kuu ya kwenda Mombasa si ya starehe, pembeni hakuna nafasi na lori likikupita unayumba, lakini ukifika Gede upande wa bara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 hivi, msitu mkubwa kabisa wa pwani uliobaki Afrika Mashariki, na ndani kuna njia za vumbi ambazo unaweza ukapiga asubuhi nzima usione gari hata moja. Na baiskeli zinaruhusiwa! Mimi naona hii ni neema, na wengi wetu tunaipita kila siku tukiwa ndani ya matatu, macho kwenye simu.

Huhitaji baiskeli ya bei. Graveli, zile baiskeli za njia za vumbi zenye usukani wa kujikunja, ni nzuri, lakini baiskeli ya mlimani (mountain) ya mtumba yenye breki zinazoshika na gia nyepesi inatosha kabisa, na kwenye mchanga wetu mara nyingi ndo inakwenda vizuri zaidi kwa sababu tairi zake ni pana. Kitu kinachoamua siku yako ni upepo wa ndani ya tairi, na hapa nikae kidogo.

Fundi wetu wa mtaani amezoea baiskeli za mizigo, za madumu ya maji na kreti za mikate, so ukimwachia atajaza mpaka tairi inalia ukiigonga kwa kidole. Lami sawa, mchangani hiyo tairi inachimba badala ya kuelea, na kwenye yale matuta madogo madogo ya barabara za murram mikono itakufa ganzi kabla hujafika popote. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi ya inchi 2, anza na psi 30 (kipimo cha upepo kwenye geji) nyuma, mbele 27 au 28. Graveli ya milimita 40 anza na 35. Ukifika mchanga mwingi toa kidogo tena, halafu jaza ukirudi lami. Kama pampu haina geji kaa juu ya baiskeli umwambie mwenzako aangalie tairi ya nyuma, inatakiwa itanuke chini kidogo tu, ikilala mpaka rimu inakaribia ardhi umetoa sana. Ukipata pancha chomoa tyubu uangalie vizuri: tundu moja ni mwiba, matundu mawili yaliyokaa sambamba manake tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe au mzizi, upepo ulikuwa mchache, ongeza.

Na miiba ipo. Mgunga unajulikana, ila adui mkubwa ni mbigili, ile inayotambaa chini pembeni ya njia yenye maua madogo ya manjano, mbegu yake ina pembe na vyovyote itakavyoanguka pembe moja inaangalia juu. Usipumzike kwa kupaki baiskeli kwenye majani. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu na vijiti vya kutolea tairi, na kabla hujaweka tyubu mpya pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi mzunguko mzima, kikinasa mwiba bado upo. Ukiweka ile dawa ya maji inayoziba matundu yenyewe, hata bora.

Kuhusu saa, toka alfajiri. Baada ya swala, chai na mahamri na mbaazi kidogo, uwe njiani giza linapopasuka, na taa nyuma lazima kwa kile kipande cha lami. Saa nne asubuhi jua lishakuwa kali, saa sita uwe kivulini. Halafu soma msimu, babu zetu wa majahazi walipanga safari zao kwa upepo na wewe panga hivyo hivyo: wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, elekea Gede asubuhi upepo ukiwa mpole usoni, ukirudi umechoka unakusukuma mgongoni mpaka nyumbani. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia, Disemba mpaka Machi hivi, geuza, nenda upande wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ndo urudi nao. Masika, Aprili na Mei, njia nyingi za msituni zinakaa maji, subiri.

Sasa msitu wenyewe. Ukiingia upande wa Gede lipia getini kwa utaratibu wao, msitu uko chini ya shirika la misitu na lile la wanyamapori, na uliza pale pale njia gani ziko wazi siku hiyo. Mwanzo unapita msitu mchanganyiko, kivuli kizuri, ardhi imeshikana. Ukiendelea ndani unaingia kwenye mirihi, miti mirefu iliyoachana, mwanga mwingi, na hapo chini ni mchanga mweupe mlaini ambao ndo unawashusha watu wengi. Ukivuka tena kuelekea magharibi udongo unageuka mwekundu na miti inakuwa mifupi imebanana, hapo kukiwa kukavu unakwenda raha sana, kukinyesha unateleza na unaganda mpaka gurudumu linakwama kwenye foku. Ule mchanga mweupe ni kinyume, mvua ndogo ya usiku inaushikisha na asubuhi unapita bila shida, so ikiwa kumenyesha kidogo jana kaa mirihini usiende wekunduni.

Kupita mchanga: shusha gia KABLA hujaingia, sio ukiwa ndani ushakwama. Rudisha uzito nyuma kidogo, legeza mikono, usishike usukani kwa nguvu manake tairi ya mbele itatafuta njia yake yenyewe, macho mbali, miguu isisimame. Usikate kona ghafla. Tafuta pembeni penye majani makavu yaliyoanguka, hapo panashika. Ukiona imezama shuka usukume.

Ndovu wako mle ndani, hili nalisema kwa uzito. Chukua mwongozaji pale Gede, wale vijana wanaujua msitu na wengi ni mabingwa wa ndege, atakuonyesha na sange, yule mnyama mdogo mwenye matako ya dhahabu anayekimbia kwenye majani. Masikioni usiweke kitu. Ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa majani yake bado hayajanyauka simama, sikiliza, geuza polepole. Usipige kengele, usipige kelele, usisogee upate picha. Jioni usingojee giza, baiskeli haina sauti na ndovu akishtuka uko karibu mno.

Msituni hakuna duka wala bomba. Lita tatu za maji kila mtu, moja uitie ndimu, sukari na chumvi kidogo, na tende mfukoni. Ukitokea vijijini salimia, wazee shikamoo yao, na ukiona akina mama wamebeba kuni kichwani shuka wapite wao kwanza, mzigo ule haugeuki haraka. Kupita shambani kwa mtu ni hodi kwanza.

Ukirudi usiache baiskeli hivyo hivyo kwa sababu mchanga na hewa ya chumvi vinakula cheni. Futa kwa kitambaa kikavu, tia oili nyepesi ya cherehani tone tone kila pingili, zungusha pedeli, halafu futa tena ile ya nje. Oili ya injini ni nzito, inakusanya mchanga na gia zinasagika.

Na kwa wale wanaotaka milima kweli, miguu ikishazoea huku pandeni Taita. Huko juu Wundanyi na Mgange kuna njia za vumbi kati ya vijiji zenye baridi na ukungu, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, kitu ambacho sisi wa pwani hatujazoea. Mchanga umekufundisha usukani lakini mteremko ni habari nyingine: badilisha raba za breki kabla ya safari, kwenye mteremko mrefu bana na kuachia, usishikilie moja kwa moja rimu ikachemka, na punguza mwendo kabla ya kona wala sio ndani ya kona. Beba na sweta.