Santuri Uliyoagiza Nje Isipofika: Mwongozo kwa Wakusanyaji wa Arusha na Moshi

Mkusanyaji wa santuri anayeishi Arusha au Moshi hulazimika mara nyingi kuagiza nje hata muziki wa nyumbani. Ndugu wa Kinyonga walipiga muziki hapa hapa Arusha kwa jina la Arusha Jazz kabla ya kwenda Mombasa na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971, lakini mtu wa Kaloleni anayeitafuta leo sahani yao ya inchi 7 iliyo safi huenda akaipata kwa muuzaji wa Uholanzi au Uingereza. Kutoka huko hadi sanduku la posta ni mbali, na kifurushi kisipoonekana, kitakachokuokoa ni kumbukumbu ulizoziweka kabla hakijapotea.

Kwa hiyo anza kabla ya kulipa. Muulize muuzaji kama atatuma kwa rejista au kwa huduma nyingine yenye namba ya ufuatiliaji. Akisema ni barua ya kawaida, ongeza gharama au acha biashara hiyo, kwa sababu kifurushi kisicho na namba kikipotea hakuna karani atakayeweza kukuambia kiliishia wapi. Mwombe pia picha za lebo zote mbili na za namba iliyochorwa kwenye sehemu tupu kati ya mwisho wa mistari ya sauti na lebo. Namba hiyo, ambayo Discogs, hifadhidata ya santuri iliyoko mtandaoni, huitumia kutofautisha toleo moja na jingine, itakuonyesha kama unanunua toleo la awali au la kurudiwa, na baadaye itakuwezesha kueleza kwa usahihi ni kitu gani hasa kilichopotea. Muuzaji akijitolea kuandika kwamba ni zawadi ya thamani ndogo ili ukwepe ushuru, kataa: huko ni kuidanganya forodha, na isitoshe utadaije fidia ya santuri ya bei kubwa ilhali karatasi inasema ni ya bei ya soda?

Anwani nayo inahitaji uangalifu. Fomu za wauzaji wa nje hudai mtaa na namba ya nyumba. Zijaze, lakini hakikisha S.L.P. haikuachwa, pamoja na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na namba ya simu inayoanza na +255. Wengi wetu tunatumia sanduku la mwajiri, la shule au la parokia, na hapo ndipo vifurushi vinavyodhaniwa kuibwa hukwama: kadi ya taarifa ilichukuliwa pamoja na barua nyingine, ikalala kwenye meza ya mtu asiyejua santuri ni nini. Mjulishe mapema mwenye ufunguo, na umuulize yeye kwanza kabla hujamlaumu mtu mwingine yeyote.

Kifurushi kikichelewa, isome namba yenyewe. Huwa na herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotumwa, kwa mfano NL au GB. Ikianza na R ni rejista, na ikianza na C ni kifurushi. Taarifa kusimama kwa wiki kadhaa kwenye kuondoka nchi ya mtumaji si dalili ya kupotea, kwani shehena ya posta ya nje hupokelewa Dar es Salaam na kupita forodha kabla ya kupandishwa kaskazini. Ikionyesha kwamba kimeshaingia nchini, nenda mwenyewe ofisi kuu ya posta, ambayo katika miji yote miwili iko jirani na Mnara wa Saa, ukiwa na kitambulisho na namba uliyoichapisha kwenye karatasi. Omba itafutwe kwa namba, kisha kwa jina, kisha kwa S.L.P., na umweleze karani kwamba ni bahasha ngumu, bapa na pana, kwa maana kitu cha umbo hilo huweza kuegeshwa mbali na maboksi mengine.

Kisipopatikana, mwandikie muuzaji na umtake afungue ulizo rasmi kwenye posta alikokituma, kwa kuwa risiti ya kutuma anayo yeye. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unaruhusu ulizo ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Hapa pana mtego: ukilipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hukupa siku 180 tangu siku ya malipo kufungua madai ya kurudishiwa fedha, yaani muda ule ule kwa makadirio, hivyo anayesubiri majibu ya posta ndipo afungue madai huenda akakuta mlango umefungwa. Binafsi naona wiki 8 ni subira ya kutosha. Baada ya hapo fungua madai hata kama muuzaji anakusihi usubiri kidogo, ukimweleza kwa adabu kwamba unalinda tarehe wala humtuhumu. Aliyetuma fedha moja kwa moja kwa simu au benki hana ngao hiyo.

Santuri zinazonunuliwa Nairobi na kupitishwa Namanga kwa basi zina utaratibu mfupi zaidi: dai stakabadhi, andika namba ya gari na simu ya dereva, hakikisha mzigo umetangazwa forodha, kisha uuchukue siku ile ile, kwani sahani iliyoachwa kwenye gari juani hupinda.

Na ikitokea kifurushi kikafika baada ya kurudishiwa fedha, kipige picha kabla ya kukifungua, kagua sahani, kisha umjulishe muuzaji siku hiyo hiyo na umlipe tena. Wauzaji wenye santuri za Afrika Mashariki si wengi, na huyo huyo ndiye utakayemwandikia utakapotafuta sahani nyingine.