Jinsi ya kumaliza vitabu vya biashara ukiwa likizo ya Desemba, nyumbani kumejaa wageni

Nilikuwa na tabia moja ya kijinga, kila Desemba napanda Machame, nyumbani Kilimanjaro, na vitabu vitano kwenye begi na kila Januari vinarudi Dar vitano vilevile, vimepiga zaidi ya kilomita 1,000 kwenda na kurudi na hamna hata kimoja kimefunguliwa. Saivi namaliza viwili, mwaka mzuri vitatu. Sijawa genius, nimebadilisha vitu vichache tu.

Beba viwili, basi. Kimoja cha biashara, kimoja cha maisha ya mtu. Na viwe vya karatasi, usiniambie una pdf 300 ulizotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, zile hakuna mtu anazisoma, unafungua simu usome unakuta binamu kapost mbuzi anachunwa na ndo imetoka hiyo. Halafu kuna siri nyingine: ukikaa na simu kila mtu pale nyumbani anajua unachati kwahiyo utatumwa maji, utatumwa kuni, utatumwa soda dukani, lakini ukishika kitabu cha karatasi wazee wanasema "mwacheni anasoma" na unapata hata nusu saa ya bure. Kama bajeti imekaza pitapita kwa wale wa vitabu vya mitumba mjini Posta, ukiwa na bahati unapata kizuri kwa bei ya chipsi.

Anza na kile cha maisha ya mtu. Cha biashara ukianza nacho siku ya kwanza, umechoka na basi, ukurasa wa nne umeshalala. Maisha ya mtu yanakuvuta kama stori. Mimi cha kwanza kukimaliza likizo kilikuwa cha mfanyabiashara Reginald Mengi, I Can, I Must, I Will, kilichotoka 2018, na kukisomea kulekule Machame alikozaliwa ina raha yake. Mtu ni mhasibu, ana kazi yake nzuri tu, halafu anaanza kuunganisha kalamu za biki nyumbani kwake. Ukifika sehemu kama hiyo usikimbie, simama, jiulize hela ya kuanzia imetoka wapi, nani alinunua za kwanza, na kazi aliiacha saa ngapi. Vitabu vingi vya matajiri, wa huku na wa Ulaya, vinarukaruka hapohapo: ukurasa huu jamaa hana kitu, unaofuata ana kiwanda. Chukua penseli weka alama ya kuuliza pembeni. Zile alama ndo somo lenyewe, maana zinakuonyesha wapi na wewe utakwama.

Kama Kiingereza kinakuchosha likizo, kuna Mzee Rukhsa cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, cha 2021, kimeandikwa Kiswahili. Utasema huyo alikuwa rais, siyo mfanyabiashara. Sawa, lakini duka lako limejaa bidhaa za nje leo kwa sababu ya mlango uliofunguliwa miaka yake, 1985 mpaka 1995. Mimi nilikuwa nakisoma jikoni, mama anamenya ndizi za mtori, nikamsomea kidogo kwa sauti nilipofika miaka ile ya bidhaa kuadimika, kabla mlango haujafunguliwa. Akaweka kisu chini. Akaanza kunionyesha kwa vidole sabuni ya mche walivyokuwa wanaikata, kipande cha kufulia hiki, cha kuogea hiki, na cha mgeni kinafichwa kabatini. Kitabu kilikaa pembeni saa nzima na sijutii.

Sasa cha biashara. Hiki usikisome kama Biblia kuanzia Mwanzo. Vingi vina wazo moja limevutwavutwa kurasa 250 na mifano ya Marekani. Soma yaliyomo, soma sura ya kwanza na ya mwisho, halafu chagua sura tatu zinazogusa kinachokuuma saivi. Mwaka jana kwangu ilikuwa wateja wa mkopo, yule wa "nitakulipa mwisho wa mwezi," kwahiyo nilisoma za mzunguko wa hela tu, zingine nikaziacha bila aibu. Ukimaliza sura andika mistari mitano nyuma ya kitabu kwa maneno yako na kwa namba za duka lako, siyo namba za mwandishi. Ukishindwa kuandika hiyo mitano hujaelewa, rudia, au mwandishi mwenyewe hakuwa na cha kusema, na hiyo inatokea sana.

Muda ni alfajiri, saa 11 na nusu mpaka saa 1. Baridi ya kule unaijua, jifunge blanketi, weka tochi karibu maana umeme hauna adabu, chai ya maziwa ikiwepo fresh. Kurasa 30 kwa asubuhi, kitabu cha kurasa 300 ni siku 10, kwahiyo ukifika tarehe 16 una nafasi ya kutosha. Tarehe 24 mpaka 26 usijisumbue kabisa. Kwenye basi mimi nikisoma kichwa kinazunguka kabla hata ya Chalinze, kwahiyo napakua vitabu vya kusikiliza kwenye wifi ya ofisini kabla sijaondoka.

Na jioni mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishazunguka, ulizia wazee habari za kahawa na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, wa 1933 huo, wana stori za bei na mizani ambazo hutazikuta kwenye kitabu cha biashara.

Mwisho, usimwazime mtu kitabu hujakimaliza, hata akiwa mjomba. Changu kimoja kiko Kibosho toka mwaka juzi, na alama zangu zote za penseli ziko humohumo.