Kamisheni ya dalali wa kiwanja: maliza maneno kabla ya kupanda boda

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, na kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Kiwanja changu cha futi 50 kwa 100 nilikinunua njia ya Gayaza, nje ya Kampala, mwaka 2019, na nusura nimlipe dalali mara mbili kwa kazi moja.

Swali la kwanza, kabla hujapelekwa kokote: "Nani amekutuma?" Desturi niliyoikuta huku ni kwamba muuzaji ndiye humlipa dalali aliyemletea mteja. Lakini ukimtuma wewe, ukamwambia nitafutie penye maji na umeme, bei isizidi kiasi fulani, ujira wake uko kwako. Kiwango ni mapatano tu. Nimeombwa asilimia 5, wenzangu wameombwa 10. Kama unalipa wewe, taja shilingi kamili. Asilimia inapanda na bei, sasa dalali wako ana haraka gani ya kukupunguzia? Ya kwenda kuangalia kiwanja lipa boda, basi. Na akikataa kukupa namba ya bloku na ploti ukaikague ofisi ya ardhi mpaka kwanza utoe kitu, shuka hapohapo.

Sasa kuna cha juu, yaani pesa ambayo dalali anaipachika kimya juu ya bei ya mwenye mali. Hiki ndicho kinachouma, kwa sababu hukioni.

Dalali wangu aliniambia shilingi milioni 28 za Uganda, "Ssebo (bwana), hiyo ndiyo ya mwisho." Juu ya hiyo alitaka asilimia 5 kutoka kwangu, yaani 1,400,000. Mwenye kiwanja alikuwa bibi mmoja mjane. Tulipofika kwake, simu ya dalali ikalia, akatoka nje kuongea. Bibi alikuwa anamenya matoke barazani, kisu hakikusimama. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo milioni 23 utazileta zote kwa pamoja?" Nikanyamaza. Kisha nikamuuliza kama na yeye ameombwa kitu. Ameombwa asilimia 10.

Piga hesabu: milioni 5 za cha juu, 1,400,000 zangu, 2,300,000 za bibi. Jumla 8,700,000, kwa mtu aliyenipeleka mara mbili kwa boda niliyoilipa mimi.

Kwa hiyo fanya hivi: sisitiza kuonana na mwenye mali mwenyewe kabla ya kutaja bei yoyote, na bei aitaje yeye, kwa mdomo wake, dalali akiwepo. Dalali atasema mwenyewe yuko Uingereza, au anaumwa. Ngoja apone. Kama kweli yuko nje, ongea naye kwa simu ya video na umwombe wakili wako aone karatasi ya uwakilishi, ile inayomruhusu mtu kuuza kwa niaba yake.

Mimi sikugombana. Dalali aliporudi kutoka kwenye simu nilimwambia kwamba bei ni milioni 23 na bibi atampa asilimia 5, yaani 1,150,000. Alinuna, akakubali. Wakili akaongeza mstari mmoja kwenye mkataba wa mauziano: malipo ya dalali yeyote ni juu ya muuzaji, mnunuzi hadaiwi. Usisaini bila mstari huo, au kinyume chake kama mmepatana ulipe wewe, kiasi kikiandikwa.

Usichanganye kamisheni na haya: ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani anayoipanga mthamini wa serikali, ni wako mnunuzi. Ukinunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mailo yenye hati ya mtu mwingine, kuna kanzu, ada ya kumwomba mwenye ardhi akutambue. Peleka kwake mwenyewe, si kupitia dalali. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye huomba chake cha kushuhudia, muulize mapema.

Na pesa ya dalali isitoke siku ya kuangalia. Nusu mkisaini mkataba, nusu fomu za uhamisho zikiwa zimesainiwa na hati miliki iko mkononi mwa wakili wako. Mwambie pia alete mtu mmoja tu wa kupokea, asaini risiti. Siku yetu kwa mwenyekiti walitokea vijana wanne nisiowahi kuwaona, kila mmoja anadai ndiye aliyempigia simu yule aliyempigia dalali wangu. Nikawaonyesha ule mstari, nikawaelekeza kwa dalali. Wakamfuata mpaka kwenye steji ya boda.